Chemchemi Huanzia Shambani: Nafasi ya Familia katika Kutunza Mazingira Wilayani Rungwe

Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Mji wa Tukuyu, makao makuu ya wilaya hiyo, hupata wastani wa zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwa neema hiyo, ni rahisi mtu kuamini kwamba maji hayawezi kuadimika mahali ambapo migomba, chai na parachichi hustawi mwaka mzima.

Hata hivyo, maji yanayochotwa wakati wa kiangazi si ya mvua ya siku hiyo. Ni maji yaliyopenya ardhini miezi iliyotangulia, yakahifadhiwa chini ya misitu na udongo wa volkano, kisha yakatolewa kidogo kidogo na chemchemi. Baadhi ya chemchemi hizo zimo ndani ya msitu unaolindwa na Serikali. Nyingine zipo kwenye makorongo na mabonde yanayopakana na mashamba ya wananchi, na usalama wake hutegemea maamuzi yanayofanywa nyumbani: mti gani upandwe, mpaka wa shamba uishie wapi, na chakula kipikwe kwa nishati gani.

Kutoka mlimani hadi ziwani

Mlima Rungwe, wenye urefu wa takribani mita 2,960 kutoka usawa wa bahari, ndio tangi kubwa la maji la wilaya hiyo. Mwaka 2009 msitu wake ulipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ndani yake anaishi kipunji, aina ya kima asiyepatikana popote duniani nje ya Tanzania, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza rasmi mwaka 2005. Wakazi wanaoishi kandokando ya msitu walikuwa wakimfahamu na kumwita kwa jina hilo tangu zamani.

Maji ya mlima huo na ya safu ya milima jirani huungana na mito ya Kiwira na Mbaka, ambayo hupita katika mashamba na vijiji kabla ya kuingia Ziwa Nyasa kupitia Wilaya ya Kyela. Mto Kiwira ndio unaopita chini ya Daraja la Mungu, daraja la mwamba wa asili linalovutia watalii wengi. Udongo unaosombwa kwenye mteremko wa Rungwe hushuka na mito hiyo hadi uwanda wa Kyela, ambako mafuriko ni hofu ya kila msimu wa masika. Familia inayolima bila kinga huko juu hupoteza rutuba yake, na familia ya huko chini hupokea matope.

Mita 60 zina maana gani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na vyanzo vingine vya maji. Umbali huo haukuwekwa kwa bahati nasibu. Uoto wa ukingoni hupunguza kasi ya maji ya mvua, huchuja udongo, mbolea na viuatilifu kabla havijafika mtoni, na huzuia kingo zisimomonyoke.

Kwa familia yenye ekari moja au mbili, hata hivyo, mita 60 ni sehemu kubwa ya urithi. Hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo. Rungwe ina watu wengi na ardhi ndogo. Mashamba hugawanywa kila kizazi, na kijana anayepewa sehemu ya bondeni huiona kuwa ndiyo ardhi yake pekee. Akiambiwa asilime bila kuelezwa sababu wala kupewa njia mbadala, atalima usiku.

Njia inayofaa ni kulizungumza jambo hili kabla ya kugawa. Katika kikao cha familia, eneo la chemchemi linaweza kutengwa liwe mali ya pamoja isiyogawanywa, na mgao wa eneo la juu ukarekebishwa ili anayepakana na maji asibebe hasara peke yake. Makubaliano hayo yakiandikwa na kushuhudiwa na uongozi wa kitongoji na kijiji, hupunguza pia migogoro ya mipaka miongoni mwa ndugu.

Mkaratusi na miti rafiki wa maji

Mti unaozua mjadala mkubwa zaidi katika familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini ni mkaratusi. Hukua haraka, hutoa kuni, nguzo na mbao, na kwa wengi ni akiba ya ada ya shule. Lakini mti huohuo hufyonza maji mengi, na ukipandwa kwa wingi kwenye bonde au kando ya chemchemi huchangia kukausha ardhi iliyo jirani. Fedha ya mkaratusi humfikia mwenye shamba mara moja. Hasara yake humfikia mama au mtoto anayelazimika kufuata maji mbali zaidi, miaka kadhaa baadaye.

Si lazima familia iachane kabisa na mti huo. Jambo la msingi ni mahali pa kuupanda. Mikaratusi hufaa kubaki kwenye maeneo ya juu, mbali na vyanzo vya maji. Kando ya chemchemi, miti inayofaa ni ile ya asili iliyozoea unyevu, kama mivengi na mikuyu. Parachichi, ambalo limekuwa zao muhimu la biashara wilayani Rungwe, linaweza kuziba pengo la kipato kwenye sehemu ya juu ya shamba, mradi vifaa vya kupulizia dawa visioshwe mtoni na chupa tupu za viuatilifu zisitupwe makorongoni.

Miche nayo inaweza kuoteshwa nyumbani. Watoto wanaweza kukusanya mbegu na kutengeneza vikopo vya kuoteshea kwa maganda makavu ya mgomba, ambayo huoza ardhini baada ya mche kupandwa. Kazi kubwa zaidi huanza baada ya kupanda: kupalilia na kuzuia mifugo isile miche. Mtoto aliyekabidhiwa miche mitatu ya kutunza hujifunza zaidi kuliko aliyehudhuria sherehe ya kupanda miti 300.

Zizi, mgomba na jiko

Kaya nyingi za Rungwe zina hazina ambayo maeneo mengine hayana: ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani na migomba inayozunguka nyumba. Majani ya matete na guatemala yanayopandwa kwa kukata mteremko huzuia udongo usisombwe, kisha hukatwa kuwa malisho. Samadi hurudi kwenye migomba na kahawa, na maganda ya ndizi hurudi zizini. Mzunguko huu ni urithi wa wazee, na hupunguza gharama za mbolea ya viwandani.

Hatua inayoweza kuongezwa ni bayogesi. Samadi ya ng'ombe wachache huweza kuzalisha gesi ya kupikia ya kaya, na tope linalobaki ni mbolea bora. Ujenzi wa mtambo unahitaji mtaji, hivyo kaya ambazo hazijaufikia zinaweza kuanza na jiko banifu, kuni zilizokauka vizuri na sufuria inayofunikwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Wanawake na watoto ndio wanaotafuta kuni na kuvuta moshi. Uamuzi wa kununua jiko unapaswa kuwa wa kaya nzima, ukiwemo mfuko wa baba.

Taka nazo zinahitaji mpangilio. Zinazooza huenda kwenye shimo la mboji, na zisizooza hutengwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini vifungashio vingine vingali vikionekana kwenye mitaro baada ya mvua. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni nafasi nzuri ya kaya kuzibua mitaro yake pamoja na majirani.

Desturi iliyotangulia sheria

Uhifadhi si jambo geni kwa Wanyakyusa. Zamani, sehemu walikozikwa machifu ziliachwa zikawa vichaka vya miti mikubwa ambavyo hakuna aliyethubutu kuvikata. Heshima ile kwa waliotangulia ililinda miti, ndege na unyevu wa ardhi bila askari wa msitu. Wazee wanaokumbuka majina ya chemchemi, na zipi zilikuwa hazikauki, wana maarifa ambayo watoto wanapaswa kuyasikia wakiwa wamesimama penye chemchemi yenyewe.

Familia inayotaka kuanza haihitaji kusubiri mradi. Itembelee chemchemi inayoitegemea, ihesabu hatua kutoka ukingoni hadi kwenye mti au tuta la kwanza, kisha ikubaliane ni kipi kitakachoondolewa na kipi kitakachopandwa kabla ya mvua zijazo. Kwa ushauri, ofisi ya kijiji, maofisa misitu na kilimo wa halmashauri, pamoja na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa yenye makao yake Tukuyu, ndizo mahali pa kubisha hodi.