ATR na ATM

ATR na ATM ni kinasi zinazoongoza ukarabati wa DNA iliyoharibika. Huzipachika fosfati protini nyingine, na hivyo kuziamsha au kuzizima. ATM, ambayo jeni lake lilitambuliwa mwaka 1995, huitikia zaidi DNA inapokatika nyuzi zote mbili.

Utendaji wa ATR

Miale ya urujuanimno huziunganisha besi mbili za pirimidini zinazopakana, na polimerasi inayonakili DNA hukwama hapo. Uzi mmoja hubaki wazi, protini ya RPA huufunika, kisha ATRIP huileta ATR. ATR huiamsha kinasi nyingine, Chk1, na Chk1 husababisha Cdc25A, protini inayousukuma mzunguko wa seli, kuvunjwavunjwa, hivyo mzunguko wa seli husimama. Katika muda huo wa thamani kubwa, protini za ukarabati, ikiwemo XPA ambayo nayo hupachikwa fosfati na ATR, hukata kipande cha nyukleotidi zipatazo 30 na pengo likajazwa upya. Aziz Sancar, aliyeifafanua njia hii ya ukataji, alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Uharibifu ukizidi, protini ya p53 huielekeza seli kufa. Kazi ikiisha, kimeng'enya Wip1 huziondoa fosfati.

Mlima Meru na ngozi

Nguvu ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo Olmotonyi, penye chuo cha misitu kwenye miteremko ya Mlima Meru nchini Tanzania, hupata miale mikali hata siku za baridi, na mawingu hayaizuii yote. Wanaoumia zaidi ni watu wenye ualbino, wanaokadiriwa kuwa mmoja kati ya kila Watanzania 1,400. Ikumbukwe kwamba ATR na XPA zao ni nzima, tofauti na wagonjwa wa zeroderma pigmentosamu ambao ukarabati wenyewe una hitilafu. Kinachopungua ni melanini, rangi inayoikinga ngozi, na madhara huzidi uwezo wa vimeng'enya vya ukarabati hadi saratani ya ngozi ikaota mapema mno. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992, huwatibu, na losheni ya kukinga jua ya Kilisun ilianza kutengenezwa hapo hapo KCMC kwa ajili yao.

Mimea

Mimea ina ATR na ATM, lakini haina p53. Protini ya SOG1 hushika nafasi hiyo. Ina pia fotoliasi, kimeng'enya kinachotumia mwanga wa buluu kuzitenganisha besi zilizoungana. Binadamu hana.