Usumba, Mkonge na Nailoni

Mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza waliijua Rhapta, soko la pwani yetu, kwa mashua zake za kushonwa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ya Wabajuni ilikuwa bado inashonwa ubao kwa ubao kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja.

Ajabu ni kwamba usumba ni mnyonge. Ukipimwa kwa kuvutwa tu, mkonge unauacha mbali. Lakini mkonge hurefuka asilimia chache tu kabla ya kukatika, na usumba hurefuka mara kadhaa zaidi. Wimbi linapoikurupusha mashua iliyotia nanga, kamba inayovutika hukimeza kile kishindo. Tena usumba una lignini nyingi, kwa hiyo maji ya chumvi huchukua muda mrefu kuuozesha. Wanawake wa Jambiani, Unguja, hutumia siri hiyohiyo: makumbi hufukiwa ufukweni kwa miezi, vijidudu vinakula sehemu laini, nyuzi ngumu zinabaki. Kisha hupondwa kwa magongo na kusokotwa viganjani.

Kusokota ndiko kunakofanya nyuzi fupi zishikane. Msokoto ukilegea, zinateleza na kuachana. Ukizidi, zinakaa mshazari na sehemu ya nguvu yake inapotea bure. Ndiyo maana pindi zinazounda kamba husokotwa upande mmoja na kamba yenyewe upande wa pili, kila moja ikizuia mwenzake asifunguke.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge Tanga. Singa zake hufika karibu mita moja, hivyo hushikana kwa urahisi zaidi. Baharini kamba ya manila ya Ufilipino iliushinda, mpaka Wajapani walipoiteka nchi hiyo mwaka 1942 na wanunuzi wakaugeukia mkonge wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Nailoni, aliyoibuni mkemia Wallace Carothers mwaka 1935, ilikuwa na uzi usio na mwisho, tena unaovutika kuliko mkonge. Ikafuata polipropilini, rahisi na inayoelea, ingawa jua huila. Hiyo ndiyo iliyoyaumiza mashamba ya Tanga. Siku hizi kuna nyuzi za polithini zinazokishinda chuma mara kadhaa kwa uzito uleule, ila zinateleza mno: fundo la kawaida hufyatuka, na baharia hulazimika kuifuma ncha ndani ya kamba yenyewe.