Jua, Dawa na Maji ya Mto Katuma

Miale ya urujuanimno huvunja mabaki ya dawa majini kwa njia mbili. Molekuli ya dawa huweza kuufyonza mwale yenyewe hadi vifungo vyake vikakatika. Au mwale huamsha kitu kingine kilichomo majini, nacho kikazalisha radikali za haidroksili, chembe kali zinazoishambulia dawa bila kuchagua. Mara nyingi njia ya pili ina nguvu zaidi, maana dawa nyingi hazifyonzi miale ya kutosha.

Ujuzi huu ulianzia kwenye vijidudu. Mwaka 1877 Waingereza Arthur Downes na Thomas Blunt walionyesha kuwa mwanga wa jua huzuia bakteria kuongezeka. Taa ya mvuke wa zebaki, itoayo miale ya urujuanimno, ilipopatikana, mji wa Marseille, Ufaransa, uliitumia kusafisha maji ya kunywa mwaka 1910. Afrika Mashariki ilipata ushahidi wake bila taa: mwaka 1996 Ronán Conroy na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Kajiado, Kenya, ambako watoto wa Kimaasai walikunywa maji yaliyoanikwa juani katika chupa za plastiki, na kuhara kukapungua.

Zamu ya dawa ilifika maabara zilipoweza kupima viwango vidogo mno. Mwaka 1998 watafiti wa Uswisi waliripoti kwamba diklofenaki, dawa ya maumivu iliyokuwa ikiingia ziwa Greifensee pamoja na majitaka yaliyosafishwa, ilivunjwa humo na jua. Kwa mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, ugunduzi huo una uzito zaidi kuliko mitambo yote ya taa iliyofuata. Jua la mkoa huu ni tele, ilhali taa huhitaji umeme, na kwa miaka mingi mji wake wa Mpanda uliupata umeme wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa.

Mto Katuma huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hulisha maziwa Katavi na Chada, kisha maji hufuata Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka. Kisichovunjika njiani hakina pa kwenda. Kuanzia miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma walihamia Bonde la Rukwa na makundi makubwa ya ng'ombe. Oksitetrasaiklini, antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini ambayo wafugaji wamezoea kuwadunga mifugo, hutoka kwa mnyama katika mkojo na kinyesi, sehemu kubwa ikiwa haijabadilika. Kwa bahati njema tetrasaiklini hufyonza miale ya jua vizuri, na katika maji maangavu huvunjika upesi.

Tatizo ni kiangazi. Wakulima wa mpunga huchepusha maji ya Katuma kabla hayajafika hifadhini, mto hukatika, na viboko husongamana katika madimbwi yaliyosalia. Kinyesi chao na tope hutia maji giza, miale ikaishia karibu na uso. Tetrasaiklini nayo hunata kwenye udongo wa mfinyanzi, ikazama mahali jua lisipofika.

Zipo pia dawa sugu kwa jua. Karbamazepini, dawa ya kifafa, huvunjika polepole mno hata katika maji safi. Hiyo huhitaji njia ya pili: taa ya urujuanimno pamoja na haidrojeni peroksaidi inayozalisha radikali, mfumo ulioanza kazi Andijk, Uholanzi, mwaka 2004, hasa kwa ajili ya viuatilifu. Hata huko, maji husafishwa tope kwanza ndipo yapitishwe kwenye taa.