Bure yenye kipimo: kichujio cha intaneti kilitokea wapi

Banduku, tulipofunga antena ya satelaiti kwenye chumba chetu cha kusomea hapa Opala, wazazi walitoa sharti moja: picha chafu zisionekane mbele ya watoto. Nikawaahidi. Mimi ni mtu wa muhogo na kakao, si wa kompyuta, lakini nilipata huduma moja ya bure ya kuchuja, nikaiweka, mambo yakaenda muzuri.

Tarehe 18 ya mwezi, mwanafunzi anatafuta habari za mozaiki ya muhogo, kumbe matangazo ya kamari na ya wanawake uchi yamejaa kwenye simu. Baba yake amesimama nyuma yake. "Yaya, njo hii ulituahidi?"

Bure ile ilikuwa na kipimo cha kila mwezi. Intaneti haikukatika hata kidogo. Kichujio tu ndicho kilinyamaza, bila kutuambia.

Nikaanza kusoma. Zamani majina yote ya kompyuta za mtandao yalikaa katika faili moja, lililotunzwa na kikosi cha Elizabeth Feinler kule California. Mtandao ulipokua, faili likalemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatunga DNS: simu yako inauliza jina, mashine nyingine inajibu anwani. Lakini anayejibu anaweza pia kukataa kujibu, na kichujio chetu kinaishi hapo hapo.

OpenDNS ilianza mwaka 2006, bure kwa watu wa nyumbani. Nani alilipa? Ukikosea kuandika jina, ulipelekwa kwenye ukurasa wenye matangazo. Waliyaacha mwaka 2014, na mwaka uliofuata Cisco ikatangaza kuinunua kwa dola milioni 635. Norton nao walikuwa na ConnectSafe ya bure. Waliifunga Novemba 2018, wateja wakatafute kwingine. Cloudflare walileta ya kwao ya familia mwaka 2020. Wengine wakachagua kuhesabu maswali: mpaka hapa bure, kupita hapo ulipe.

Hesabu hiyo njo ilinidanganya. Nilifikiri swali ni lile mtu anaandika kwa kidole. Hapana! Ukurasa mmoja unaweza kuuliza majina kumi, ishirini, na simu inauliza yenyewe hata ukiwa umelala. Chukua simu 30, kila moja maswali 1,000 kwa siku: kwa mwezi ni 900,000. Kipimo kiliwekwa kwa ajili ya nyumba ya baba, mama na watoto wawili. Sisi tulikuwa kijiji kizima nyuma ya antena moja, na kule walituona kama mteja mmoja.

Tumehamia kichujio kisichohesabu maswali, na kila asubuhi najaribu kwanza mimi mwenyewe kama kinazuia. Yule baba amemrudisha kijana. Ila sasa anakuja naye, anakaa kwenye kiti karibu na mlango mpaka tufunge.