Buti nyeusi: Viatu vya kazi vilivyogeuka nembo ya gothi na wanapikipiki

BUTI nzito za ngozi nyeusi, zenye soli nene na bizimu za chuma, ni kitambulisho cha makundi mawili ambayo hayana uhusiano mkubwa: wafuasi wa mtindo wa gothi na wanapikipiki wa mtindo wa Marekani. Gothi ni mtindo wa mavazi meusi na muziki wa majonzi ulioibuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya sabini.

Wengi hudhani viatu hivi vilibuniwa ili kuwatisha au kuwachokoza wazee. Hata hivyo, chapa kongwe miongoni mwavyo zilianza kama viatu vya kazi au vya tiba, lengo likiwa kumkinga mvaaji. Mnunuzi anafaa kuijua historia hii, kwani baadhi ya buti zinazouzwa leo zimedumisha kinga hiyo ilhali nyingine zimebaki na sura tu.

Jeraha la daktari

Chapa inayojulikana zaidi ni Dr. Martens, na asili yake ni Ujerumani. Mnamo 1945 daktari wa jeshi, Klaus Märtens, aliumia kifundo cha mguu alipokuwa akiteleza kwenye theluji. Buti za kijeshi zikawa zinamtonesha, naye akabuni soli laini ya mpira yenye vifuko vya hewa. Miaka miwili baadaye alianza kuviuza viatu hivyo akishirikiana na rafiki yake, Herbert Funck. Wateja wao wengi wa mwanzo walikuwa wanawake wa makamo waliotaka kupumzisha miguu.

Kampuni ya ukoo wa Griggs katika kijiji cha Wollaston, jimbo la Northamptonshire nchini Uingereza, ilinunua haki za kutengeneza soli hiyo. Aprili 1, 1960, ilizindua buti yenye matundu manane ya kamba kila upande na mshono wa uzi wa manjano. Tarehe hiyo ndiyo iliyoipa jina lake: 1460.

Walioinunua kwanza ni matarishi wa posta, polisi na wafanyakazi wa viwandani. Baadaye mpiga gitaa wa bendi ya The Who, Pete Townshend, alipanda nayo jukwaani, kisha ikapokewa na vijana wa kunyoa vipara, wa panki na hatimaye wa gothi.

Isitoshe, Bauhaus, bendi inayohesabiwa miongoni mwa waasisi wa gothi, iliundwa mnamo 1978 mjini Northampton, katika jimbo hilohilo. Mji huo umeshikamana na ushonaji hivi kwamba timu yake ya soka, Northampton Town, hutaniwa kwa jina la mafundi viatu.

Jimbo hilo pia ndilo chimbuko la George Cox, kampuni iliyoanzishwa 1906 mjini Wellingborough. Mnamo 1949 ilianza kutengeneza viatu vifupi vyenye soli nene ya mpira, maarufu kama kripa. Katika miaka ya sabini viatu hivyo viliuzwa katika duka la Malcolm McLaren na Vivienne Westwood, barabara ya King's Road, London, na kutoka hapo vikawafikia vijana wa panki na gothi.

Umaarufu huo haukuwahakikishia mafundi riziki yao. Mnamo 2003 Dr. Martens ilihamishia barani Asia takriban kazi yake yote, na zaidi ya watu 1,000 wakapoteza ajira Uingereza. Kiwanda cha Wollaston kilirejelea kazi 2007, ila kwa kiwango kidogo. Viatu vingi vya chapa hiyo vingali vinatengenezwa Asia.

Buti za garimoshi

Nchini Marekani, buti ya wanapikipiki ilitokana na ile ya wafanyakazi wa reli waliochochea moto katika garimoshi za mvuke. Buti hiyo haina kamba. Huwa na shingo ndefu, mkanda mmoja wenye bizimu juu ya wayo na mwingine karibu na goti. Mwendesha pikipiki aliipenda kwa sababu hapakuwa na kamba ya kunaswa na mnyororo au mtambo, na ngozi yake nene ilizuia joto la injini.

Miongoni mwa watengenezaji wake ni Chippewa, kampuni iliyoanzishwa 1901 katika jimbo la Wisconsin, na Wesco ya jimbo la Oregon, iliyoanzishwa 1918 kwa ajili ya wakata miti. Mwasisi wa Wesco aliitwa John Henry Shoemaker, jina ambalo maana yake ni fundi viatu. Filamu ya The Wild One ya 1953, iliyoigizwa na Marlon Brando, ndiyo iliyoeneza sura ya mwanapikipiki mwasi mwenye jaketi na buti nyeusi.

Soli nene na vyuma

Chapa za baadaye zilitia chumvi sura hiyo. New Rock, ya mji wa Yecla katika eneo la Murcia, Uhispania, hutumia ngozi halisi, vyuma vizito na soli kubwa, na huvaliwa na wagothi na wanapikipiki vilevile. Demonia, chapa ya kampuni ya Pleaser ya California, aghalabu hutumia ngozi bandia, na soli zake huwa ndefu ajabu.

Kinga au pambo?

Barani Ulaya, viatu vya kinga vya wanapikipiki hupimwa kwa kiwango cha EN 13634. Hukaguliwa jinsi vinavyostahimili msuguano wa barabara, ukali wa kitu chenye makali na mbano wa pande zote mbili za wayo. Kiatu kilichofaulu huwa na alama ya mwendesha pikipiki pamoja na tarakimu 1 au 2, ambapo 2 ndicho kiwango cha juu.

Buti za mitindo huuzwa bila alama hiyo, na hata nyingi za asili ya reli hazina. Aidha, soli nene mno humzuia mwendeshaji kuihisi gia kwa mguu wa kushoto au breki ya nyuma kwa mguu wa kulia.

Humu nchini, ambapo wahudumu wengi wa bodaboda huvaa akala au ndara, buti yoyote ya ngozi inayofunika kifundo, hata ya mitumba kutoka Gikomba, ni afadhali. Lakini anayeitafuta ili imkinge aitazame soli, mshono na ugumu wa kisigino kabla ya kuvutiwa na bizimu. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.