Vijana wa 1878 katika Nyika ya Ugogo



Wapo kati yetu waliokwisha kuitazama filamu ya Into the Wild, iliyoongozwa na Sean Penn mwaka 2007. Yasimulia habari za kweli za Christopher McCandless, kijana Mmarekani aliyehitimu chuo kikuu mwaka 1990, akatoa akiba yake ya dola 24,000 kwa shirika linalopambana na njaa, akawaacha wazazi wake bila kuwaaga. Aprili 1992 aliingia peke yake katika pori la Alaska. Akafa humo, akiwa na miaka 24.

Umri huohuo alikuwa nao Padre Siméon Lourdel alipoondoka Bagamoyo Juni 1878, yeye na wenzake tisa wa shirika la Askofu Mkuu Lavigerie, yaani Wamisionari wa Afrika. Njia ya misafara ya kwenda Tabora ilikatiza hapa kwetu. Baada ya Mpwapwa msafiri aliingia Marenga Mkali, nyika ambayo jina lake latosha kuieleza: maji yake ni ya chumvi, nayo ni haba. Kisha Ugogo, ambako kila mtemi alidai hongo ya vitambaa na shanga.

Wasafiri wa Kizungu wa karne ile waliilalamikia mno hongo hiyo, wakaiita unyang'anyi. Sisi tunaoijua nchi hii katika kiangazi hatuafikiani nao. Kisima cha Ugogo kilichimbwa kwa mikono, na maji yaliyonywewa na msafara wa mamia ya watu yalipunguka kwa ng'ombe wa mwenyeji. Je, mgeni anywe bure?

McCandless alitafuta mahali pasipo na mtu. Hao kumi, wenye ari isiyopungua yake, hawakuweza kupiga hatua bila wapagazi wa kuwabebea mizigo na watemi wa kuwaruhusu kuteka maji. Hata hivyo nyika haikuwahurumia: Padre Pascal, aliyewekwa kuongoza misheni ya Tanganyika, alifariki mwezi Agosti kabla ya kufika Tabora.

Waliosalia waligawanyika, wengine kuelekea Ziwa Tanganyika, wengine Nyanza. Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda tarehe 17 Februari 1879. Wabaganda walimwita Mapeera. Alifariki huko mwaka 1890, akiwa na miaka 36, na baadhi ya aliowafundisha dini ndio tunaowaadhimisha kila tarehe 3 Juni, Mashahidi wa Uganda.