Bendi Ndogo ya Louis Jordan na Tatizo la Majina ya Muziki

Mfasiri akutanaye na jina Tympany Five katika historia ya muziki wa Marekani huweza kudhani kwamba kazi yake ni nyepesi: ni bendi ya watu watano wapigao timpani. Tafsiri hiyo ingempotosha msomaji mara mbili. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya bendi hiyo, kwa kuwa yatukumbusha jambo ambalo mtungaji wa istilahi hana budi kulizingatia: jina huonyesha nia ya aliyelitoa, wala si lazima lieleze kitu chenyewe.

Louis Jordan alizaliwa Brinkley, katika jimbo la Arkansas, mwaka 1908. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki. Kati ya 1936 na 1938 Jordan alipiga saksafoni na kuimba katika bendi kubwa ya Chick Webb, iliyotumbuiza katika ukumbi wa Savoy, mtaa wa Harlem, New York. Huo ulikuwa wakati wa suingi, yaani jazi ya kuchezea dansi, ambayo aghalabu ilipigwa na bendi za watu wapatao 15.

Mwaka 1938 Jordan aliunda bendi yake mwenyewe, ambayo baadaye ilitulia katika umbo dogo: tarumbeta, saksafoni, piano, besi na ngoma. Mpiga ngoma wake, Walter Martin, alitumia pia timpani, ngoma kubwa zenye umbo la sufuria. Ndipo jina likapatikana. Mara nyingi wapigaji walizidi watano, lakini jina halikubadilishwa. Muziki wao uliunganisha mwendo wa suingi na uimbaji wa bluzi, tena kwa mzaha mwingi.

Udogo huo ulikuwa na faida. Wakati wa Vita Kuu ya Pili petroli na mipira ya magari viligawiwa kwa kipimo, na safari za bendi kubwa zikawa ngumu. Mwaka 1944 serikali ya Marekani ilipandisha kodi ya kumbi za starehe hadi asilimia 30, kisha ikaipunguza kuwa 20 mwaka huo huo. Mwishoni mwa 1946 bendi kubwa kadhaa mashuhuri, ikiwamo ya Woody Herman, zilivunjwa. Mwaka huo huo wimbo wa Jordan, Choo Choo Ch'Boogie, ulishika nafasi ya kwanza kwa majuma 18 katika orodha ya santuri za muziki wa Wamarekani weusi.

Orodha yenyewe yafaa kutazamwa. Gazeti la Billboard liliianzisha mwaka 1942 kwa jina la Harlem Hit Parade. Mwaka 1945 likatumia neno race, ambalo halikueleza sauti wala mapigo, bali rangi ya watu waliodhaniwa kuwa wanunuzi. Mwaka 1949 likaandika Rhythm & Blues. Katika miaka saba muziki ule ule ulipewa majina matatu. Mfasiri akiandika jina la mwisho popote, huuficha ubaguzi uliokuwamo katika la pili.

Hapa kwetu kosa lililo karibu zaidi latokana na neno Jazz. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Katika majina hayo neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi ya kisasa. Muziki wa bendi kama hizo uliegemea zaidi magitaa na rumba yenye asili ya Kuba kuliko suingi ya Harlem.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, neno jazi litumike kwa aina ya muziki tu, na Jazz libaki bila kubadilishwa katika majina ya bendi. Pili, jina la bendi lisifasiriwe; idadi ya wapigaji na ala zao zielezwe katika matini. Tatu, jina la kibiashara liandikwe pamoja na mwaka wake, na maana yake ifafanuliwe.

Tusipofanya hivyo, mwanafunzi ataamini kwamba Morogoro ya 1944 ilicheza dansi ya New York, na sisi ndio tutakaokuwa tumemfundisha.